Kabla ya Kununua Hisa za Kampuni ya Afya, Nauliza Bili Inalipwa na Nani

Jumapili ya mwisho wa mwezi chama chetu kilikutana South B, nyumbani kwa mwenyekiti, na baada ya chai na hesabu za michango tukafikia ajenda iliyokuwa ikiahirishwa tangu Januari: tununue hisa za kampuni ya afya au tusinunue. Mwenzetu aliyeleta pendekezo alikuwa amejiandaa vyema, na hoja yake kuu aliitoa kwa maneno machache ambayo wengi waliyaafiki papo hapo, kwamba watu hawaachi kuugua. Hali ya maisha ikibana mtu ataahirisha kununua gari, atahama nyumba ya vyumba vitatu aingie ya viwili, lakini mtoto akipandwa na homa usiku wa manane lazima afikishwe hospitali. Kwa kuwa mimi ndiye mweka hazina, nikaombwa nilichunguze jambo hili na kurejea na maoni yangu kwa maandishi. Niliyoyasoma kikaoni yalikuwa mafupi. Hapa nayaeleza kwa kirefu.

Ni kweli kwamba watu hawaachi kuugua, ila ukweli huo unaeleza uhitaji tu, nao uhitaji haujazi mfuko wa mwanahisa. Anayenunua sukuma wiki sokoni hulipa kabla ya kuondoka. Mgonjwa huondoka akiwa ameshatibiwa, na mara nyingi anayelipa ni mwingine kabisa: kampuni ya bima, mwajiri, mfuko wa serikali, mfadhili wa ng'ambo, au jamaa wanaochangisha harambee. Ndiyo maana ninapopima thamani ya hisa ya kampuni ya afya, swali ninalolitanguliza kuliko mengine yote ni bili zake zinalipwa na nani, na baada ya siku ngapi.

Kwanza niseme tuna nini mezani. Katika orodha ya Soko la Hisa la Nairobi hakuna hospitali hata moja. Mwekezaji wa kawaida anayetaka kuigusa sekta hii hapa nyumbani hujikuta akizunguka pembeni: kuna kampuni za bima ambazo bima ya afya ni sehemu tu ya biashara yao, na kuna BOC Kenya, yenye kiwanda chake Industrial Area, ambayo huuza gesi za viwandani pamoja na oksijeni ya hospitali. Akivuka mpaka, katika soko la hisa la Kampala atakuta kampuni ya dawa ya Quality Chemical Industries. Akitaka kampuni kubwa za dawa za Marekani na Ulaya, itambidi anunue kwa dola kupitia dalali wa nje, na hapo thamani ya shilingi inakuwa sehemu ya hesabu yake apende asipende. Mnamo Januari 2024 dola moja ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 160, na kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Aliyenunua hisa za nje mwanzoni mwa mwaka alipoteza karibu moja kwa tano upande wa fedha peke yake, hata kama kampuni yake haikuteleza popote.

Sasa nirudi kwenye bili. Katika chama chetu yumo dada anayefanya kazi katika ofisi ya madai ya bima kwenye hospitali moja ya kibinafsi hapa jijini, na nilimwomba anifuatilishe safari ya faili moja tangu mwanzo hadi mwisho. Akachukua mfano wa mgonjwa aliyetolewa kidole tumbo, akalazwa siku tatu na kurudi nyumbani akiwa mzima. Faili lake lina fomu ya madai, nakala ya kitambulisho, barua ya idhini kutoka kwa bima, maelezo ya daktari mpasuaji, maelezo ya daktari wa nusukaputi, matokeo ya maabara, na orodha ya kila kitu kilichotumika, mpaka glavu na sindano. Daktari mmoja akisahau kutia sahihi, faili linarudishwa. Bei ya kitanda ikizidi ile iliyokubaliwa kwenye mkataba, bima inakata tofauti. Likisahihishwa linapelekwa upya na kupanga foleni upya. Dada huyo aliniambia kwamba kwenye rafu iliyo nyuma ya kiti chake kuna mafaili ya mwaka uliopita ambayo bado yana karatasi ya njano ubavuni, alama yao ya dai lililorudishwa.

Wakati faili hilo linazunguka, kuna mambo mawili yanayokwenda sambamba na ambayo mwenye hisa lazima ayaelewe. La kwanza, mhasibu ameshaandika mapato yale siku ambayo mgonjwa alihudumiwa, kwa sababu ndivyo kanuni za uhasibu zinavyotaka, hivyo faida imekwisha kuonekana kwenye vitabu. La pili, wauguzi wanalipwa mwisho wa mwezi uleule, umeme unalipwa, na muuza dawa anadai chake. Pengo lililo kati ya mambo haya mawili huzibwa na mkopo wa benki, na riba ya mkopo huo inatoka kwenye kilicho chetu sisi wenye hisa.

Nitumie kampuni ya mfano, isiyokuwepo, ili hesabu ionekane. Mwaka wa kwanza ina mapato ya shilingi milioni 1,000, faida ya milioni 80, na wadaiwa wake wanadaiwa jumla ya milioni 400. Gawanya deni hilo kwa mapato, zidisha kwa siku 365, unapata 146: kwa wastani kampuni inangoja siku 146 kabla ya kulipwa. Mwaka wa pili mapato yanapanda hadi milioni 1,200 na faida inafika 110. Magazeti yataandika kwamba faida imekua kwa zaidi ya thuluthi, na bei ya hisa itaanza kuchemka. Lakini ukifungua ukurasa wa mizania, unaoorodhesha mali na madeni ya kampuni, unakuta madeni inayowadai wateja yamefika milioni 620, na siku za kungoja zimekuwa 189. Madeni yameongezeka kwa milioni 220 katika mwaka ambao faida yote ilikuwa 110. Hata ukiirudishia faida hiyo uchakavu wa mashine, ambao hukatwa vitabuni bila fedha kutoka, tuseme milioni 50, shughuli za kampuni zimemeza fedha taslimu milioni 60 badala ya kuzileta. Kampuni hiyo imetibu watu wengi zaidi na imekuwa maskini zaidi kwa wakati mmoja.

Sehemu ninayoisoma polepole kuliko zote katika ripoti ya mwaka ni tanbihi ya wadaiwa, ambayo huwa mbali sana nyuma, baada ya picha za wakurugenzi na hotuba ya mwenyekiti. Humo mna jedwali la umri wa madeni: yaliyo chini ya siku 30, ya siku 31 hadi 90, na kuendelea mpaka yale ya zaidi ya mwaka. Tangu Januari 2018, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kiitwacho IFRS 9 huzitaka kampuni zikadirie mapema hasara itakayotokana na madeni yasiyolipika, zisingoje mpaka mdaiwa aanguke. Makadirio hayo hufanywa na wakuu wa kampuni wenyewe, na mkaguzi wa hesabu huyapitia. Tuseme katika zile milioni 620 kuna milioni 180 zilizopita mwaka mmoja, nayo kampuni imetenga milioni 40 tu kwa ajili ya hasara hiyo. Mimi huliona deni la hospitali lililopita mwaka kuwa nusu yake imepotea, labda nionyeshwe risiti za kunipinga. Nusu ni milioni 90, hivyo kuna milioni 50 ambazo hazijatengwa. Nikizitoa kwenye faida ya 110, nabaki na 60 kabla ya kurekebisha kodi. Kampuni nzima ikiwa inauzwa sokoni kwa milioni 1,100, aliyesoma ukurasa wa mbele atasema anailipia mara kumi ya faida yake. Aliyefika kwenye tanbihi anajua kwamba ni zaidi ya mara kumi na nane.

Hili si jambo la vitabuni tu. Kampuni niliyoitaja ya Kampala, ambayo wakati huo iliitwa Cipla Quality Chemical Industries, iliingia sokoni Septemba 2018 kwa bei ya shilingi 256.5 za Uganda kwa hisa. Ilikuwa na kila kitu ambacho mwenzetu wa South B angekitamani: kiwanda kilichoko Luzira, dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi na dawa za malaria ambazo uhitaji wake haukuwa na shaka hata kidogo, na wanunuzi wakubwa wakiwemo serikali na mfuko wa kimataifa wa kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria. Mmoja wa wanunuzi hao alikuwa serikali ya Zambia. Dawa zilipelekwa, wagonjwa walizimeza, lakini malipo hayakuja kwa wakati, na kampuni ikalazimika kuandika hasara kubwa kwa ajili ya deni hilo. Katika miaka iliyofuata bei ya hisa ilianguka hadi chini ya nusu ya ile ya mwanzo. Mwaka 2023 Cipla, iliyokuwa na asilimia 51 hivi, iliuza sehemu yake yote, na jina la kampuni likabadilika. Dawa hazikuwa na kasoro. Aliyekwama ni mlipaji.

Kwetu Kenya mlipaji mkubwa amebadilika mbele ya macho yetu. Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya hospitali, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 2023. Awali mwajiriwa alikuwa akikatwa kati ya shilingi 150 na 1,700 kwa mwezi. Sasa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote, na kiwango cha chini ni shilingi 300. Mwenye mshahara wa shilingi 50,000 anakatwa 1,375. Kwa mtazamo wa mwekezaji, kapu la kulipia matibabu limepanuka, na hilo ni jema. Ila NHIF iliondoka ikiwa inadaiwa na hospitali mabilioni ya shilingi, na tumeona hospitali za kibinafsi zikisimamisha kwa muda huduma za bima hiyo mpya na kuwataka wagonjwa walipe taslimu. Kwa hiyo nikisoma hesabu za kampuni yoyote inayouza kitu hospitalini, hata kama yenyewe haina kitanda kimoja, nauliza ni sehemu gani ya wateja wake inategemea malipo ya mamlaka hiyo, na ni kiasi gani cha deni la zamani bado kimebaki kwenye vitabu kana kwamba kitalipwa chote.

Wanaolipa kutoka mfukoni nao wana hesabu yao. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumzuilia mgonjwa hospitalini kwa sababu hajamaliza kulipa bili ni kuvunja haki zake, katika kesi ya wanawake waliozuiliwa baada ya kujifungua hapa Nairobi. Niliufurahia uamuzi huo, na bado naufurahia, na sitaki fedha za chama chetu ziwekwe katika kampuni ambayo mpango wake wa kukusanya madeni ni mlinzi anayesimama kwenye mlango wa wodi. Lakini mwekezaji mwaminifu lazima aifuate hoja hadi mwisho wake: kama mgonjwa hazuiliwi, basi sehemu fulani ya bili za maskini haitalipwa kamwe, na kampuni inayojiheshimu inapaswa kuihesabu sehemu hiyo tangu mwanzo kama gharama ya kazi yake. Nikikuta kampuni iliyofanya hivyo kwa uwazi, hata kama faida yake inaonekana ndogo, naiamini zaidi.

BOC Kenya inastahili maelezo zaidi, kwa sababu inaonyesha jinsi watu wenye akili timamu wanavyoweza kuitazama kampuni moja na kuona bei mbili. Ina hisa takriban milioni 19.5 tu, na karibu asilimia 65 zinashikwa na mmiliki mmoja, kampuni ya Uingereza iliyo chini ya kampuni kubwa ya gesi ya Linde. Mapema mwaka 2021, wakati oksijeni ilikuwa neno la kila nyumba kwa sababu ya korona, kampuni nyingine ya gesi, Carbacid, ilitangaza nia ya kuinunua kwa shilingi 63.50 kwa hisa, yaani takriban shilingi bilioni 1.24 kwa kampuni nzima. Baadhi ya wanahisa wadogo walipinga wakisema bei hiyo ni ndogo mno, shauri likafika mbele ya baraza la kuamua migogoro ya masoko ya mitaji, na mpango ukakwama. Anayeitazama faida ya mwaka pekee anaweza kuona kwamba bei ile ilikuwa ya haki. Anayetazama fedha zilizowekwa akiba, mitambo, mitungi iliyosambaa nchi nzima na ardhi ataona vingine. Mimi naegemea upande wa hao wa pili, kwa sharti moja: mali ina thamani kwa mwanahisa mdogo pale tu ambapo mmiliki mkubwa anakubali kuigawa kama gawio au kuiuza kwa bei nzuri, na kwa kampuni ambayo hisa zake hupita siku nyingi bila kubadilishana mikono, mwanahisa mdogo hawezi hata kutoka kwa siku anayoitaka yeye. Isitoshe, tangu korona hospitali nyingi za umma zimewekewa mitambo yake zenyewe ya kutengeneza oksijeni, na kila mtambo unaofanya kazi ni mitungi ambayo haitanunuliwa.

Nasema mtambo unaofanya kazi kwa kukusudia. Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijajifunza haya, niliweka shilingi 150,000 zangu binafsi katika kampuni ndogo ya kliniki ambayo haikuwa imeorodheshwa sokoni. Kijitabu chao kilikuwa na picha ya mashine ya skani, na makadirio ya mapato yalitegemea mashine hiyo ipige picha kumi na mbili kwa siku. Mwaka wa pili bila gawio, nilikwenda kujionea. Mashine ilikuwepo, imefunikwa shuka ya kijani, na mhudumu akaniambia kwa upole kwamba wamekuwa wakingoja kipuri tangu Machi, ilikuwa Septemba. Mkataba wa matengenezo haukuwahi kulipiwa kwa sababu fedha zote zilikuwa kwa wadaiwa. Fedha zangu hazijarudi mpaka leo. Tangu hapo, nikisoma kwamba kampuni ya afya imenunua mashine, natafuta mstari wa gharama za matengenezo, na nikiukosa nahesabu mashine hiyo kuwa haipo.

Kwa kampuni kubwa za dawa za nje swali la mlipaji halina uzito kama huo. Pale kinachotawala ni hataza, yaani ile haki ya kuuza dawa peke yako kwa miaka kadhaa. AbbVie iliuza dawa yake ya Humira kwa takriban dola bilioni 21 mwaka 2022. Januari 2023 dawa shindani zikaruhusiwa katika soko la Marekani, na mauzo ya mwaka huo yakawa bilioni 14 hivi. Mapato ya Pfizer yalifika bilioni 100 mwaka 2022 kwa nguvu ya chanjo na dawa ya korona, yakaporomoka hadi chini ya bilioni 60 mwaka uliofuata. Aliyeipima hisa hiyo kwa faida ya mwaka wa kilele aliiona ni ya bei rahisi ajabu.

Iliyobaki ni kulinganisha. Februari 2024 serikali iliuza hati fungani ya miundombinu kwa riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Viwango vimeshuka tangu wakati huo, lakini kila mwanachama aliyekuwa kikaoni anakumbuka. Ile kampuni yangu ya mfano, baada ya kusahihisha madeni, inatengeneza milioni 60 kwa bei ya milioni 1,100, yaani asilimia 5.5, na gawio lenyewe hukatwa kodi ya asilimia 5. Ili niipendekeze, lazima niamini kwamba faida hiyo itakua kwa kasi na kwa fedha taslimu, au bei ishuke karibu nusu. Nilipofika hapo kikaoni palikuwa kimya kidogo, kisha mwenzetu aliyeleta pendekezo akauliza swali zuri: je, kampuni ikikusanya madeni yake, hesabu haitageuka upesi? Itageuka. Siku 189 zikirudi 146 kwa mapato yaleyale, karibu milioni 140 zinaingia benki, na huo ndio wakati ambao ningetamani tuwe tayari tunazo hisa.

Tulikubaliana kwamba sehemu kubwa ya fedha iende kwenye hati za hazina za siku 91, na kwamba tununue hisa chache sana za kampuni moja, zinazotosha kutupa haki ya kuingia katika mkutano mkuu wa mwaka. Dalali ameshatuletea ripoti za miaka mitatu. Nimepewa jukumu la kusimama na kuuliza kwa niaba ya chama, na swali nimeliandika kwenye karatasi iliyo ndani ya ripoti, kwenye ukurasa wa wadaiwa: kati ya madeni yaliyokuwa yamepita mwaka mmoja siku mlipofunga hesabu hizi, ni shilingi ngapi zimeingia benki kufikia asubuhi ya leo, na zimelipwa na nani?